Raba ya Kufutia

Katika kikao cha walimu cha shule moja ya msingi mjini Atlanta, Marekani, mwalimu mkuu alimwamuru mwalimu wa chini yake aingie uvunguni mwa meza na kutambaa. Wenzake wamekaa, wanatazama. Kosa lake lilikuwa moja tu: watoto wa darasa lake walipata alama za chini kwenye mtihani wa jimbo. Habari hii sikuiokota kijiweni. Imo katika ripoti ya wachunguzi walioteuliwa na gavana wa jimbo la Georgia, iliyotolewa hadharani Julai 2011.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa nimeshaacha ualimu. Sikushangaa, na kutoshangaa kwangu ndiko kulikonitisha. Nilikumbuka kikao chetu.

Kilikuwa kikao cha tathmini ya matokeo ya darasa la saba, katika halmashauri moja ya Tanzania ambayo sitaitaja. Viti vya plastiki, soda zisizo na ubaridi, orodha ndefu ya shule imebandikwa ukutani. Ofisa aliyesoma matokeo alianzia juu: shule ya kwanza cheti na bahasha, ya pili cheti, ya tatu makofi. Halafu akaruka moja kwa moja mpaka mkiani. Mwalimu mkuu wa shule ya mwisho aliitwa mbele, akakabidhiwa kinyago cha mti kilichochongwa kikiwa kimetoa ulimi. Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nilicheka. Mzee yule, aliyebakiza mwaka mmoja au miwili kustaafu, alikipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea zawadi ya kweli, akasema ahsante, akarudi kitini nacho kimelala mapajani.

Shule yake iko ng'ambo ya mto. Masika yakishika, nusu ya watoto hawavuki kwa wiki tatu, nne. Jambo hilo kila mtu ukumbini alilijua. Lakini orodha ile ilikuwa na safu ya namba ya shule, safu ya waliofanya mtihani, safu ya waliofaulu na safu ya asilimia. Safu ya mto haikuwepo.

Kwenye basi la kurudi, mwalimu mkuu wangu alikaa dirishani, kimya, mpaka tulipokaribia kushuka. Akaniambia, "Mwalimu, mwakani nisiitwe mimi." Nilikuwa mwalimu wa taaluma, alama za shule zilikuwa mikononi mwangu. Nikamjibu, "Nimekuelewa, mkuu." Nilichokielewa nitakisema baadaye. Kwanza nimalize habari za Atlanta, kwa sababu wao walifika mbali zaidi ya tulikofika sisi, na walipofika huko kulikuwa na pingu.

Atlanta ilikuwa na shule za serikali zipatazo 100 na wanafunzi wapatao 50,000. Zipo halmashauri zetu zenye watoto wengi kuliko hao. Wengi wa wanafunzi wa Atlanta walikuwa watoto weusi wa familia maskini. Mwaka 1999 wilaya hiyo ya elimu ilimwajiri Beverly Hall, mwanamama mzaliwa wa Jamaika, kuwa mkuu wake. Alikuja na mpango ulio rahisi kuueleza: kila shule ipewe lengo la alama, lengo lipande kila mwaka, na mwalimu mkuu apewe miaka mitatu. Akilifikia, kuna bonasi kwake na kwa watumishi wake hadi wapishi na madereva. Asipolifikia, aondoke. Na waliondoka kweli: katika muda wa uongozi wake, takriban asilimia 90 ya walimu wakuu walibadilishwa. Juu yake kulikuwa na sheria ya taifa aliyoitia saini Rais George W. Bush Januari 2002, iliyotaka ifikapo 2014 kila mtoto wa Marekani awe amefikia kiwango katika kusoma na hisabati. Kila mtoto, bila kubaki hata mmoja. Aliyeandika sheria hiyo hakuwahi kufundisha darasa la tano baada ya chakula cha mchana.

Sisemi kwamba Hall alikosea kupima. Kabla yake zilikuwepo shule ambazo mtoto alikaa miaka minane akatoka hajui kusoma, na hakuna aliyeulizwa. Kuna ubaya mkubwa katika kutopima, na wanaopinga vipimo vyote mara nyingi ni watu ambao watoto wao wangefaulu hata bila shule. Kosa lake lilianza pale namba zilipokuja na yeye akazipokea bila kuzitilia shaka.

Kila mwaka wilaya iliwakusanya watumishi wake wote katika uwanja mkubwa wa michezo wa Georgia Dome. Walimu wa shule zilizofikia lengo walikaa chini uwanjani, karibu na jukwaa. Walioshindwa walipandishwa kwenye viti vya juu, mbali, na kila mtu aliona nani yuko wapi. Walimu walikuwa na msemo wao wa siku hiyo: swali halikuwa umefundisha nini, ni kama mwaka huu "utakaa chini".

Sasa tazama shule moja, Parks, shule ya kati katika mtaa wa maskini kusini mwa jiji. Mwaka 2005, katika wanafunzi wake wa darasa la nane, asilimia 24 tu walifikia kiwango katika hisabati. Mwaka uliofuata, asilimia 86. Mtu yeyote aliyewahi kushika chaki anajua kwamba namba ya namna hiyo haiji kwa kufundisha. Unaweza kuleta walimu bora, ukafungua madarasa ya jioni, ukawalisha watoto uji, na mwisho wa mwaka ukapanda alama tano, kumi ukibahatika. Kutoka 24 hadi 86 kwa mwaka mmoja ni sawa na mkulima akuambie ekari iliyompa magunia manne mwaka jana mwaka huu imempa magunia kumi na manne, bila mbolea. Humpi kombe. Unaomba kwanza kuliona ghala.

Wilaya iliipa shule sifa na kuleta wageni waje kuona maajabu.

Maajabu yenyewe yalifanyika hivi. Mtihani ulikuwa wa kuchagua, na majibu yaliwekwa kwa penseli: mtoto anatia kivuli katika kiduara cha jibu analoliona sahihi, kama watoto wetu wanavyofanya kwenye fomu ya darasa la saba. Karatasi zikishakusanywa zilifungiwa katika ofisi ya mratibu wa mitihani. Mkuu wa Parks alimchukua mratibu yule akamtoa kwenda kula chakula cha mchana nje ya shule. Nyuma yao walimu waliingia ofisini wakiwa na penseli na raba. Waliketi na karatasi za watoto, wakawa wanafuta majibu yaliyokosewa na kutia kivuli kwenye yaliyo sahihi. Kulikuwa na hesabu katika kazi ile: mtoto dhaifu asipewe alama nyingi mno, asije akatia shaka. Mwalimu mmoja wa hisabati, kijana aliyependwa na wanafunzi wake, alipasua kwa wembe mfuko wa plastiki uliofungia karatasi za mtihani kabla ya siku yake, kisha akauziba tena kwa kuuyeyusha na moto wa kiberiti cha gesi.

Katika shule nyingine, mwalimu mkuu alivaa glovu alipokuwa akifuta, asiache alama za vidole. Na iko shule ambayo walimu walizibeba karatasi mpaka nyumbani kwa mwenzao mwishoni mwa wiki, wakakaa pamoja kubadilisha majibu kama watu wanaochambua mchele wa harusi.

Nimewafikiria sana watu wale. Ni rahisi kuwaita wezi. Baadhi walikuwa wanafukuzia bonasi, hilo lipo. Lakini soma maelezo yao utakuta zaidi ni hofu. Walikuwa walimu waliojitolea, waliokaa na watoto hadi jioni, wakijua vilevile kwamba shule ikianguka itafungwa na watoto watatawanywa. Mwaka wa kwanza unafuta kidogo ili kuokoa shule. Mwaka wa pili lengo limepanda juu ya namba uliyoibuni mwenyewe mwaka jana, kwa hiyo lazima ufute zaidi. Uongo wa takwimu una riba, na anayelipa ni yuleyule aliyekopa.

Lililonikera zaidi katika ripoti nzima si glovu wala kiberiti. Ni kwamba wilaya iliambiwa. Mwaka 2006, baada ya malalamiko, mpelelezi aliyeajiriwa na wilaya yenyewe aliichunguza Parks akaleta taarifa kwamba kuna udanganyifu. Taarifa ile haikufanyiwa kazi. Mkuu wa shule aliendelea na kazi yake, na Februari 2009 Beverly Hall alitangazwa kuwa mkuu bora wa wilaya ya elimu katika Marekani nzima. Katika miaka yake alilipwa bonasi zaidi ya dola 500,000.

Waliowaumbua walikuwa waandishi wa gazeti la mji, Atlanta Journal-Constitution, ambao kuanzia 2008 walikaa na namba wakauliza swali ambalo ofisi ya elimu ilipaswa kuliuliza: je, kupanda huku kunawezekana? Kisha jimbo likazipitisha fomu kwenye mashine inayosoma kivuli cha penseli. Mashine hizo huona hata kilichofutwa, kwa kuwa raba haimalizi weusi wote. Inabaki rangi ya kijivu hafifu. Mtoto wa kawaida hufuta jibu moja, mawili, na wakati mwingine hufuta lililo sahihi akaweka lililo kosa. Yako madarasa ya Atlanta ambayo karibu kila karatasi ilikuwa imefutwa mara nyingi, na karibu kila kilichofutwa kilitoka kwenye kosa kikaenda kwenye usahihi. Watoto hawafuti hivyo.

Wachunguzi wa gavana walifanya mahojiano zaidi ya 2,000. Walichunguza shule 56 wakakuta udanganyifu katika shule 44. Walimu na viongozi 178 walitajwa kuhusika, na 82 kati yao walikiri. Machi 2013 watu 35 walishtakiwa, Hall akiwa mmoja wao, kwa sheria iliyotungwa kwa ajili ya kupambana na magenge ya mafia. Tarehe 1 Aprili 2015, kati ya washtakiwa 12 waliofika mwisho wa kesi, 11 walipatikana na hatia, wengi wakavishwa pingu palepale mahakamani. Hall mwenyewe hakuwemo. Alikana mpaka mwisho kwamba alijua chochote, na alifariki kwa saratani mwezi mmoja kabla ya hukumu. Binafsi naona mahakama ilitumia shoka kuua mbu: kupokonywa ualimu kungetosha. Lakini waliotumia neno "watoto" kuwatetea walimu, na waliotumia neno hilohilo kuwafunga, wote walisahau kuwauliza watoto wanajua kusoma au la.

Kwa mtoto kilichotokea ni hiki. Aliyepaswa kuonekana dhaifu alionekana hodari, kwa hiyo hakuna aliyemletea msaada. Parks, baada ya "kupanda", iliondolewa kwenye orodha ya shule zinazohitaji kuinuliwa, ikapoteza mamia ya maelfu ya dola za misaada iliyokuwa haki ya watoto walewale. Miaka ilipita ndipo wilaya ikaanzisha mpango wa masomo ya ziada kwa takriban wanafunzi 3,000 waliokuwa bado shuleni, ambao majibu yao yalikuwa yamebadilishwa. Wengine walikuwa wameshamaliza, au wameshaacha.

Sasa nirudi kwetu.

Mwaka 2013 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Ilikuwa na sababu. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imekiri kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika, nao walikuwa wamefaulu mtihani wa darasa la saba kama wenzao. Kisha matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yakatoka, watahiniwa zaidi ya nusu wakiwa na sifuri. Taifa lilishtuka. Mpango ukaja na lengo la ufaulu wa asilimia 80 ifikapo 2015, na shule zikaanza kupangwa kwa nafasi, kitaifa na ndani ya wilaya, na kupewa rangi: kijani, njano, nyekundu. Mwalimu mkuu aliyekuwa hajui shule yake ni ya ngapi sasa alijua, na jirani yake alijua, na mwenyekiti wa kijiji alijua.

Rangi zile ndizo zilizoleta kinyago chetu.

Mwaka uliofuata kikao kile, nilichukua daftari la mahudhurio la darasa la sita nikakaa nalo jioni moja ofisini. Watoto 41. Nilitumia kalamu nyekundu kuweka alama ndogo pembeni mwa majina ya watoto wanne. Hakuna aliyeniagiza. Nilijua tu kwamba wanne hao wakifika kwenye chumba cha mtihani watatuangusha.

Mmoja wao alilelewa na bibi yake. Nilimwita bibi shuleni, akaja na kanga mbili na mfuko wa mihogo kwa ajili ya walimu. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akakaa kwenye benchi. Nikamweleza kwa upole, tena kwa Kiswahili kizuri sana, kwamba kijana anahitaji kupata msingi, kwamba hatuna haraka, kwamba ni vizuri arudie darasa. Kijana alikuwa ameshawahi kurudia la nne. Alikuwa na miaka 14 na ndevu zinaanza. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu ni wewe. Ukisema arudie, atarudia."

Alikuja siku tatu akakaa na wadogo zake, magoti yakigusa dawati. Wiki ya pili hakuja. Wiki ya nne nikaandika kwenye daftari: mtoro. Wengine watatu walikwenda njia hiyohiyo, kila mmoja kwa maelezo yake. Daftari lilikuwa na neno kwa kila mmoja: mtoro, kahama, mtoro, mtoro. Jina likishapigwa mstari kwa rula na wino mwekundu, mwezi unaofuata hulikopi kwenye ukurasa mpya, na basi, hayupo.

Matokeo yao ya darasa la saba yalipotoka, watoto 23 walifaulu. Fanya hesabu na mimi. Kama wote 41 wangefanya mtihani, 23 ni asilimia 56. Waliofanya ni 37, na 23 kati ya 37 ni asilimia 62. Tulipanda. Hakuna mtoto aliyejua kitu zaidi. Ni walewale 23. Mwalimu mkuu wangu hakuitwa mbele. Alininunulia soda, safari hii ya baridi, na mimi niliinywa yote.

Atlanta walifuta majibu wakaacha majina. Sisi tulifuta majina. Na mashine ya kuona kivuli cha jina lililofutwa kwenye daftari la shule ya kijijini haijatengenezwa.

Nilidhani ni ujanja wangu peke yangu, mpaka nilipokutana na utafiti wa wachumi watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, waliokaa na takwimu za mitihani ya darasa la saba za nchi nzima kabla na baada ya shule kuanza kupangwa kwa nafasi. Waliona kwamba shule zilizokuwa mkiani ndani ya wilaya zao zilipandisha ufaulu. Waliona pia kwamba katika shule hizohizo watoto walizidi kupotea kabla ya kufika mtihani. Nilisoma sentensi ile mara mbili. Nilikuwa ndani ya takwimu yao, mimi na kalamu yangu nyekundu.

Wapo waliochagua njia ya Atlanta yenyewe. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba, mkoani Dodoma, pamoja na shule kadhaa za Dar es Salaam, Mwanza na kwingine, baada ya mtihani kuvuja. Kwa Chemba, Baraza lilisema walioshiriki kuuvujisha ni watu wa kamati ya mitihani ya halmashauri pamoja na walimu. Yaani waliokabidhiwa ulinzi. Watoto walirudia mtihani Oktoba. Fikiria mtoto wa Chemba ambaye hakuonyeshwa chochote na mtu, aliyesoma kwa kibatari, anaambiwa jasho lake limefutwa pamoja na wizi wa wakubwa. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa. Watu wengi walinung'unika, hasa wenye shule binafsi waliozoea kuyaweka majina hayo kwenye mabango. Mimi niliona ni uamuzi mzuri uliochelewa. Lakini ndani ya halmashauri orodha bado zinabandikwa, na vikao vya tathmini bado vinaita watu mbele.

Nisieleweke kwamba nataka orodha zichomwe. Kuna mji uitwao Sobral, katika jimbo kame la Ceará kaskazini mashariki mwa Brazili, ambao mwanzoni mwa miaka ya 2000 uligundua kwamba karibu nusu ya watoto wake wanaomaliza darasa la pili hawajui kusoma. Waligundua kwa njia ambayo bibi yeyote angeweza kuibuni: walimketisha mtoto mmoja mmoja mbele ya mtu mzima asiyekuwa mwalimu wake, wakampa maandishi, wakamwambia soma. Hakuna penseli hapo, hakuna kiduara, raba haina kazi. Wakafanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Walimu wakuu wakachaguliwa kwa uwezo, si kwa kujuana na wanasiasa. Na mtoto aliyeshindwa kusoma alipelekewa msaada, si kinyago. Mwaka 2017 shule za msingi za Sobral zilipata 9.1 katika kipimo cha taifa, alama iliyoushinda kila mji wa Brazili. Jimbo lao nalo lina utaratibu ninaoupenda kuliko yote: shule bora haipewi zawadi yake yote mpaka shule dhaifu iliyopangiwa kuisaidia nayo ipande. Fikiria kikao chetu kile kwa utaratibu huo. Mwalimu mkuu wa kwanza na bahasha yake nusu, analazimika kuvuka mto.

Sobral nako wapo wanaolalamika kwamba watoto wanapimwa mno, na huenda wana hoja. Lakini wao wanajua mtoto gani hajui kusoma, kwa jina, mwezi Juni, wakati bado kuna kitu cha kufanya. Sisi tunajua asilimia, mwezi Desemba.

Yule kijana aliyelelewa na bibi nilionana naye miaka michache baadaye kwenye kituo cha bodaboda. Alinitambua kabla sijamtambua, akaniamkia shikamoo mwalimu, akanipeleka nilikokuwa naenda, akakataa nauli. Bibi yake alishafariki. Sikumwambia kitu.

Mwaka huu shuleni kwa mwanao wataitisha kikao cha wazazi, na mtu atasimama kusoma asilimia. Msikilizeni, mpigieni makofi kama mnataka. Akimaliza, mmoja wenu anyooshe mkono aulize maswali mawili: watoto hawa walipoanza darasa la kwanza walikuwa wangapi, na waliokaa kwenye mtihani ni wangapi? Ikionekana wamepungua, muombeni awasomee majina.